Namba tatu, si moja

Juma lililopita nilikuwa Ifakara, nikamkuta dada mmoja wa ustawi wa jamii akihangaika na daftari la takwimu. Anasomea uzamivu. Anataka kujua kama wazee wanaolea wajukuu hupata nafuu wakijiunga na vikundi vya kuweka na kukopa. Kutembea nyumba kwa nyumba hachoki. Kinachomtoa jasho ni hesabu. "Kaka, hisabati niliiaga kidato cha nne," aliniambia.

Mwalimu wake alimpa mfano wa Idete, kijiji cha bonde hilo hilo la Kilombero. Huko ilijaribiwa chanjo ya malaria ya SPf66, kazi ya Manuel Patarroyo wa Kolombia, kwa watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5. Kura ndiyo iliyoamua: 274 wakapata chanjo, 312 sindano isiyo na chanjo, na wazazi hawakujua ipi ni ipi. Bila kura, pengine wangetangulia wenye vyandarua na nauli ya zahanati, na chanjo ikasifiwa kwa kazi ya chandarua.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: kinga ya asilimia 31. Wengi huishia hapo, sisi watangazaji tukiwa wa kwanza, maana habari yenyewe ni dakika moja. Lakini watafiti waliandika pia mipaka, kwa uhakika wa asilimia 95: kutoka 0 hadi 52. Sifuri, msikilizaji! Na mwaka 1995 jaribio la Gambia likatoa asilimia 8 tu.

Vyandarua vya Zuia Mbu, vilivyouzwa Kilombero na Ulanga pamoja na dawa, vilikuwa na habari nyingine. Taarifa ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba watoto wadogo waliovitumia walinusurika zaidi kwa asilimia 27, mipaka yake 3 na 45. Hapo sifuri imebaki nje.

Dada yule akarudi kwenye jedwali lake. Wazee wa vikundi walionekana kuwa na nafuu, mpaka alipokokotoa mipaka: mmoja chini ya sifuri, mwingine juu. Tena hakuna kura iliyopigwa. Huenda waliojiunga ndio waliokuwa na nguvu tangu awali. Na wenyeviti wa vikundi wanaingojea taarifa hiyo waombee msaada.

Nikamwuliza ataandika nini. Akasema ataandika namba zote tatu, na wenyeviti atawaeleza mwenyewe Jumatatu, kabla hawajasikia kwa mtu mwingine.