Kompyuta ya Chama Inapopoteza Sauti

Hotuba kwa makatibu wa vyama vya msingi, iliyotolewa Goba, Dar es Salaam



Jambo nililoombwa kulieleza laonekana dogo, lakini linagusa fedha za wanachama. Kompyuta ya mkononi ya chama husasisha programu zake usiku. Asubuhi mkutano wa mtandaoni unaanza, na katibu anaona midomo ya wenzake ikicheza bila kusikia neno. Kompyuta hupelekwa kwa fundi, na mara nyingi jibu huwa moja kati ya mawili: spika zimekufa, zinunuliwe nyingine, au kompyuta ipigwe Windows upya. La kwanza huenda likala fedha bure. La pili lina hatari zaidi, kwani likifanywa bila nakala laweza kufuta daftari zima la hisa, akiba na mikopo.

Hapana budi tuelewe chanzo. Baina ya Windows na chombo cha sauti kilichomo ndani ya kompyuta ipo programu ndogo iitwayo draiva, ambayo ni kama mkalimani wao. Akija mkalimani mpya asiyejua lugha ya chombo hicho, spika hunyamaza ingawa ni nzima. Hata wakubwa yamewafika. Mwezi Oktoba 2018 kampuni ya Microsoft ilisambaza kwa makosa draiva ya sauti ya Intel katika kompyuta ambazo haikuzifaa. Sauti zikapotea, ikabidi litolewe sasisho jingine la kuiondoa. Wenye kompyuta hizo hawakuhitaji spika mpya.

Kwa hiyo katibu anakili kwanza vitabu vya chama kwenye flashi. Kisha abonyeze alama ya spika iliyo pembeni chini ya kioo, atazame sauti imeelekezwa wapi. Baada ya kusasisha, yaweza kuwa imepelekwa kwenye skrini ya nje au visikizio visivyo na waya. Hapo wengi watapona.

Isipopona, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi X, achague Device Manager, afungue Sound, video and game controllers. Juu ya jina la chombo cha sauti abonyeze kitufe cha kulia cha kipanya, achague Properties, kisha Driver, kisha Roll Back Driver. Draiva ya zamani itarudi. Azime na kuwasha kompyuta. Neno hilo likiwa limefifia, maana yake draiva ya zamani haikuhifadhiwa. Basi achague Uninstall Device na kuwasha upya, Windows itafute draiva yenyewe; au aipakue katika tovuti ya kiwanda kilichotengeneza kompyuta, kwa namba ya toleo iliyoandikwa chini yake. Tovuti zinazojitangaza kuwa zinagawa draiva za kila aina, mimi singeziruhusu kuingia katika ofisi ya chama.

Na umeme wetu tunaujua: betri ijae kabla ya kusasisha.

Ningependa kamati zenu ziamue kwamba hati ya malipo ya spika isitiwe sahihi mpaka katibu aandike kuwa hatua hizi zimefuatwa. Waliokuja na kompyuta zenye kasoro wabaki. Meza ipo karibu na mlango, na nitakuwapo hadi saa kumi.