Mabaki ya Utumwa Nyoyoni Mwetu

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemwumba Adam kwa udongo, na kutokana naye akaeneza mataifa yenye rangi na ndimi mbali mbali. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na kwamba Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Ewe Mola, mteremshie rehema na amani yeye, jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, enyi Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Katika Sura ya Hujurat, aya ya 13, Mola wetu anatufunza kwamba asili ya watu wote ni moja, na kwamba makabila yamewekwa ili watu wajuane, si ili wadharauliane. Baadhi ya wafasiri wamepokea kuwa aya hii iliteremka Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijra. Bilal (R.A.) alipanda juu ya Al-Kaaba kuadhini, na baadhi ya Makureshi wakaona uchungu kumwona mtu mweusi, aliyekuwa mtumwa, akisimama mahali pale. Zingatieni, ndugu zangu: mji ulikwisha kufunguliwa na masanamu yamevunjwa, lakini sanamu moja lilibaki vifuani mwa watu, nalo ni sanamu la nasaba. Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza leo.

Ubaguzi wa rangi haukuzaliwa na rangi. Ulizaliwa na tamaa. Mtu akitaka kumtumikisha mwenziwe bila ya ujira, kumwuza na kumtenga na wanawe, dhamiri yake humsuta. Na ili apate usingizi hujitungia hoja kwamba yule si mtu kama yeye. Kwanza huja dhulma, kisha huja hoja ya kuipamba.

Angalieni yaliyotendeka katika bahari ya Atlantiki. Kwa muda wa zaidi ya miaka 350, Waafrika wapatao milioni 12 na nusu walipakiwa merikebuni kupelekwa Amerika, na karibu milioni 2 miongoni mwao walifia baharini. Katika koloni la Waingereza la Virginia, mwaka 1662, ilitungwa sheria kwamba mtoto afuate hali ya mama yake, ili mwana wa mjakazi awe mtumwa hata kama baba yake ni bwana mwenyewe. Mwaka 1667 ikatungwa nyingine, kwamba mtumwa akibatizwa, ubatizo haumpi uhuru. Hivyo utumwa ukafungwa na tumbo alimozaliwa mtu na ngozi aliyoivaa. Marekani iliufuta utumwa mwaka 1865, lakini ile hoja haikufutika pamoja nao. Ilipita karibu miaka 100, hata ikaja sheria ya mwaka 1964, ndipo mtu mweusi wa majimbo ya kusini aliporuhusiwa kuketi mkahawani pamoja na mweupe. Na athari zake hazijakwisha mpaka leo.

Lakini ni wepesi mno kuhesabu madhambi ya watu wa mbali. Sisi watu wa pwani hii tunayo hesabu yetu. Misafara ilitoka Bagamoyo na Kilwa kwenda bara, na wengi wa wenye misafara hiyo walikuwa watu wanaosali kama tunavyosali. Walisaidiana na machifu na wafanya biashara wa bara, na watu waliokamatwa katika nchi za Ziwa Nyasa wakaletwa kuuzwa Unguja, wakachuma karafuu, au wakavushwa kwenda Uarabuni. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash, kwa shinikizo la Waingereza. Sheria ikaacha kuutambua utumwa Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Na yatuchome moyo haya: soko lilifungwa kwa kuogopa manowari, ilhali sisi tulikuwa na Kitabu kinachofanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara. Tuliopaswa kutangulia ni sisi.

Wala tusijitetee kwa ile hadithi kwamba weusi ni kizazi cha Hamu kilicholaaniwa. Wanavyuoni walikwisha ijibu. Mwaka 1615 Sheikh Ahmad Baba wa Timbuktu, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuchukuliwa mateka mpaka Marrakesh, aliulizwa na watu wa Tuwat juu ya jambo hili. Akawajibu kuwa weusi si sababu ya utumwa, na kwamba laana hiyo haina msingi.

Sasa isikilizeni lugha yetu wenyewe. Leo tukisema "muungwana" tunakusudia mtu mwenye adabu. Zamani maana yake ilikuwa mtu huru, asiyekuwa mtumwa. Na "mshenzi", ambalo leo ni tusi, ndilo jina ambalo watu wa pwani waliwaita watu wa bara, wale waliokuwa wakikamatwa. Tazameni jinsi mnyororo ulivyotoka shingoni ukaingia ulimini.

Na kutoka ulimini umeingia katika ndoa zetu. Kijana huja kuposa. Anasali, anakula cha halali, na majirani wanamsifu kwa tabia. Wazee wamekaa barazani, wala hawaulizi swala yake. Mmoja anainama sikioni mwa mwenziwe na kuuliza: "Babu yake alikuwa wa nani?" Kwa maneno hayo machache posa inarudishwa. Nami nakiri mbele yenu kuwa nimepata kukaa katika baraza kama hiyo, nikalisikia swali hilo, nikanyamaza. Kunyamaza kule namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe.

Huenda mtu akasema: "Sheikh, vitabu vya fiqhi vimetaja kafaa." Ni kweli vimetaja. Lakini Imam Malik aliona kuwa kafaa ni katika dini. Na walioitia nasaba ndani yake wameifanya ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wanaweza kuiacha. Haikufanywa kuwa aibu ya mposaji. Na Mtume (S.A.W.) ndiye aliyemshauri Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama, mwana wa Zayd aliyeachwa huru na wa Umm Ayman wa Uhabeshi. Fatima mwanzo hakupendelea, kisha akatii, akaiona kheri yake.

Abu Dharr (R.A.) alipomtukana mtu kwa kumtaja mama yake, Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa bado ndani yake mna ujahili, akamfunza kuwa watumishi ni ndugu, walishwe na wavishwe kama bwana wao. Baadaye Abu Dharr alionekana Rabadha, yeye na mtumwa wake wamevaa nguo za namna moja. Hakutosheka kujuta kwa moyo; alibadili mavazi yake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, wala maneno yangu yasiwe kuni za chuki mpya. Mwana hahesabiwi kwa dhambi za babu yake, na hapana kabila lililoandikiwa uovu. Anayemchukia jirani yake leo kwa sababu ya asili yake amelisimamisha tena sanamu lile lile. Deni letu ni kuyaacha mabaki tuliyoyarithi. Basi tuwafunze watoto wetu historia hii bila ya kuficha. Tuzitakase ndimi zetu na majina ya kudhalilisha. Na posa ikija, tuulize dini na tabia, kisha tunyamaze.

Ewe Mola wetu, zitakase nyoyo zetu na kibri, warehemu waliokufa katika minyororo bila ya kaburi wala jina, na utujaalie kukutana Nawe tukiwa ndugu.

Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Nanyi mwombeni msamaha. Hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.