TUSIKILIZE KABLA YA KUJIBU

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa sharika)



Sisi wa ofisi ya miradi tunaanza kwa kukiri kosa letu. Katika kijiji kimoja tuliitisha mkutano wa kuchagua mahali pa kuchimba kisima. Mama mmoja mzee alisimama, akaanza kueleza habari za njia. Muda ulikuwa umekwenda, tukamwambia, "Asante mama, tumekuelewa." Kisima kikachimbwa, pampu ikafungwa, lakini wasichana wakaendelea kuchota maji mtoni.

Tuliporudi kufanya tathmini tulimfuata yule mama nyumbani kwake, tukaketi. Akatuambia kwamba njia ya kisimani inapita kilabu cha pombe, na jioni wasichana wanasumbuliwa na walevi. "Hayo ndiyo niliyotaka kusema siku ile," alisema, "lakini ninyi mlikuwa mmekwisha kunielewa."

Ndugu zangu, maneno hayo yalituchoma.

Mwaka 1939 mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, Dietrich Bonhoeffer, alichapisha kitabu kuhusu maisha ya pamoja ya Wakristo. Anafundisha humo kuwa huduma ya kwanza tunayodaiwa na wenzetu ni kuwasikiliza, na kwamba asiyeweza kumsikiliza ndugu yake, mwishowe hatamsikiliza hata Mungu. Yakobo 1:19 tunausoma mara nyingi, sasa tuutende.

Tufanyeje basi?

Kwanza, tumwache mtu amalize. Mara nyingi anayesema kwa woga huanza mbali, na neno lenyewe huja mwishoni.

Pili, tumrudishie aliyosema: "Mama, unasema njia si salama?" Akikataa, tuanze upya.

Tatu, simu tuzizime. Mtu anayeona macho yetu yako kwenye simu hufupisha habari yake.

Nne, tuangalie nani hajasema, tumfuate baadaye mahali alipo huru.

Haya tuyaanzie nyumbani. Mtoto anayekatizwa kila akisimulia ya shuleni, siku ya shida hatatuambia.

Kule kijijini, wananchi walifungua njia nyingine nyuma ya mashamba. Ilikuwa kazi ya siku mbili tu. Tungalisikiliza, ingalifunguliwa tangu mwanzo.