Maziwa na Amana ya Mwili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, tumche Mwenyezi Mungu, na tujue kwamba mwili ni amana, na kila amana ina siku ya kuulizwa. Katika Sura An-Nahl, aya ya 66, Mola wetu ametutaka tuzingatie wanyama wa mifugo, jinsi anavyotutolea matumboni mwao kinywaji kilicho safi. Naye Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mwenye kula chakula kingine aombe kilicho bora zaidi, lakini mwenye kunywa maziwa aombe azidishiwe hayo hayo.

Tuizingatie basi neema hii. Robo lita ya maziwa ya ng'ombe ina protini kiasi cha gramu 8. Katika kila sehemu 5 za protini hiyo, 4 hivi ni ile igandayo ikawa jibini. Nayo huganda hata tumboni, ikasagwa polepole. Iliyosalia hukaa katika maji yanayojitenga, na hiyo huingia mwilini upesi. Protini hushibisha kuliko wanga na mafuta, tena huhifadhi misuli. Na misuli ndiyo ghala kubwa ipokeayo sukari ya damu baada ya kula. Mwenye kujikondesha kwa njaa tupu hupoteza mafuta na misuli pamoja.

Ndugu zetu, kupunguza uzito si kazi kama kuulinda. Ramadhani ikiisha, mikanda imelegea. Haufiki Mfunguo Tatu, vitambi vimerudi, na kisukari kinabisha hodi. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 8 za Ulaya. Watu waliokwisha kupunguza uzito walifuatwa kwa majuma 26. Waliozidishiwa protini kwa kiasi, na kupunguziwa vyakula vinavyopandisha sukari kwa haraka, ndio waliouhifadhi uzito wao vyema zaidi.

Lakini tusidanganyike: maziwa hayamtibu mlafi. Aongezaye gilasi ya maziwa juu ya sinia ya pilau amezidisha chakula tu, na atiaye mtindi vijiko vitatu vya sukari amejirudisha alikotoka. Maziwa yashike mahali pa soda, na mtindi usio na sukari mahali pa kaimati. Ambaye maziwa humvuruga tumbo, aghalabu mtindi humfaa, kwani sukari ya maziwa hupungua yanapoganda. Asiyemudu maziwa, kunde, maharage na dagaa pia ni riziki yenye protini. Mwenye maradhi ya figo, na mwenye kisukari anayetumia dawa, amwulize daktari kwanza.

Mtume (S.A.W.) ametuwekea mizani: theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa kinywaji, na theluthi kwa pumzi. Tusikihesabu kitambi kuwa ni heshima, hali kinatunyima nguvu za kusimama katika sala na kuwalea watoto wetu.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika riziki zetu, utuepushe na israfu, na utujaalie afya ya kukutii. Amin.