Gor Mahia na AFC Leopards: Utani wa Mashemeji

Haya ni maneno ya hotuba juu ya vyama viwili vya mpira vya Nairobi, kabla ya mchezo wao ujao wa ligi.



Timu za mpira wa miguu katika nchi ya Kenya ni nyingi, na nyingine zimepata sifa kubwa. Lakini siku Gor Mahia ikutanapo na AFC Leopards, hata mtu asiyejua tofauti ya kona na penalti huuliza matokeo. Wenye duka hufungua redio, na wazee vijijini ambao hawajafika Nairobi kwa miaka mingi hutuma wajukuu wao waende kusikiliza. Mchezo huo umepewa jina la Mashemeji, na jina hilo halikuchaguliwa ovyo.

Wajaluo na Waluhya ni majirani tangu zamani, upande wa magharibi karibu na ziwa la Victoria, nao wameoana vizazi kwa vizazi. Kila msemaji wa Kiswahili ajua kwamba mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, tena wengine humwogopa. Lakini shemeji ni mtu wa kutaniwa. Waweza kumcheka shemeji kwa sababu ya kuku wake, naye akakucheka kwa sababu ya samaki wako, wala hakuna baraza litakaloitishwa kwa maneno hayo. Lakini utani una mipaka yake, na aliyeivuka si mtani tena. Historia ya timu hizi mbili ni historia ya utani wa namna hiyo, na ya siku chache zilizokuwa mbaya ambazo mipaka yake ilisahauliwa.

Asili ya mambo ni reli. Njia ya reli ilifika ziwani mwaka 1901, na tangu hapo vijana wa magharibi walianza kupanda gari la moshi kwenda kutafuta kazi Nairobi. Walikaa Muthurwa, na baadaye Makongeni, Kaloleni na mitaa mingine ya mashariki ya mji. Mtu aliyetoka mbali, asiye na mke wala shamba mjini, alihitaji watu wa kumsaidia apatapo shida. Kwa hiyo vilianzishwa vyama vya watu wa mahali pamoja. Vyama hivyo vilichanga fedha ili marehemu arudishwe kwao akazikwe, vilimsaidia asiye na kazi, na siku ya Jumapili vilipeleka timu uwanjani. Kwa watu hao mpira haukuwa mchezo tu. Mtu aliyefika uwanjani alipata habari za mvua, za ng'ombe na za wagonjwa wa nyumbani kabla hata ya refa kupuliza filimbi, na habari hizo zilimfikia upesi kuliko barua.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, na Nakuru All Stars ndio waliotwaa ubingwa wa kwanza. Mwaka uliofuata ubingwa ulichukuliwa na Luo Union. Mwaka huo huo wa 1964 Waluhya walifanya shauri la busara. Timu zao zilikuwa nyingi, kila moja ikishika jina la sehemu yake, kama Marama, Bunyore, Tiriki na Samia, nazo zilipokonyana wachezaji na watazamaji. Basi waliziunganisha kuwa timu moja, wakaiita Abaluhya United. Faida yake haikukawia kuonekana, kwa maana Abaluhya walikuwa mabingwa mwaka 1966, na tena mwaka 1967.

Wajaluo walilitazama jambo hilo wakajifunza. Tarehe 17 Februari, 1968, nguvu za Luo Union na Luo Stars ziliunganishwa, ikazaliwa timu mpya. Jina lake lilitokana na Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa katika nchi ya Nyanza ya kusini, ambaye Wajaluo husimulia kwamba alikuwa na uwezo wa kufanya miujiza na kujigeuza sura. Waliochagua jina hilo walijua kazi yao, kwa sababu mchezaji anayeingia uwanjani kwa jina la mganga amekwisha kumtia mpinzani wake wasiwasi kabla ya kuugusa mpira. Timu hizi mbili zilikutana kwa mara ya kwanza tarehe 5 Mei, 1968, na Gor Mahia ikashinda kwa mabao 2 kwa 1. Mwisho wa mwaka huo ubingwa pia ulikuwa wake, ingawa timu haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja.

Yafaa kuangalia jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndilo linaloeleza yote yaliyofuata. Waluhya walijenga nyumba moja kubwa kwa sababu ya kushindwa wakiwa wametengana. Wajaluo wakajenga ya kwao kwa kuwaona Waluhya wakishinda. Kwa hiyo kila timu ni kama imejengwa na mpinzani wake, na hata leo ukitaka kujua kwa nini timu moja iliamka mwaka fulani, tazama mwenzake alishinda nini mwaka uliotangulia.

Siku hizo mchezo ulikuwa katika City Stadium, karibu na barabara ya Jogoo, uwanja ambao zamani uliitwa African Stadium. Abaluhya walikuwa na Joe Kadenge, mchezaji ambaye jina lake lilienea Kenya nzima kwa njia ya redio. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alipokuwa akisema “Kadenge na mpira”, watoto wa mashambani ambao hawajapata kuona uwanja wenye nyasi waliyachukua maneno hayo, wakayapiga kelele huku wakikimbiza mpira wa matambara. Kadenge alifariki mwezi wa Julai 2019, na Mbotela akamfuata mwezi wa Februari 2025. Lakini maneno yale bado hutumiwa na watu waliozaliwa baada ya Kadenge kuacha kucheza. Gor Mahia nao walikuwa na watu wao, kama Allan Thigo na William Ouma aliyeitwa “Chege”, na mwaka 1976 walichukua ubingwa bila kushindwa hata mchezo mmoja.

Mwaka 1980 Serikali ya Rais Moi iliamuru kwamba vyama vyenye majina ya kikabila vivunjwe au vibadili majina. Agizo hilo lilivigusa vyama vya mpira moja kwa moja. Abaluhya ikawa AFC Leopards, na herufi zile tatu zikafafanuliwa kuwa All Footballers Co-operative. Luo Union, ambayo ilikuwa imeendelea kucheza kwa jina lake, ikawa Re-Union. Kwa Gor Mahia kulikuwa na ugumu, kwa sababu Gor ni jina la mtu, si la kabila. Lakini kwa muda herufi zake zilisomwa kuwa Gulf Olympic Rangers. Yaonekana hakuna shabiki aliyewahi kuimba jina hilo. Mashabiki wa Leopards kwa upande wao walilipokea jina la chui kwa moyo mweupe, wakalitafsiri mara moja kwa lugha yao, na hadi leo timu huitwa Ingwe, kama vile Gor Mahia huitwa K'Ogalo.

Je, agizo lile lilibadili kitu? Upande wa watazamaji lilibadili kidogo tu, kwani ngoma ya isikuti iliendelea kulia upande wa buluu, na pembe za Kijaluo upande wa kijani. Lakini katika timu zenyewe milango ilikuwa ikifunguliwa. Mahmoud Abbas, mlinda mlango wa timu ya taifa, alisimama katika goli la Leopards. Abbas Khamis Magongo alicheza katika Gor Mahia. Na majina yao peke yake yatosha kuonyesha kwamba mwito wa kuichezea timu haukuwa tena wa kabila moja. Leopards walikuwa hata na Joe Masiga, daktari wa meno, aliyecheza mpira wa miguu na tena akaichezea Kenya katika mchezo wa raga.

Sasa twafika katika miaka iliyo bora kupita yote. Kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati lilishindaniwa na timu za Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia, Malawi na nchi nyingine. Tangu mwaka 1979 hadi 1985, miaka saba mfululizo, kombe hilo halikutoka katika mikono ya timu hizi mbili. Abaluhya walilichukua mwaka 1979, Gor Mahia mwaka 1980 na 1981, Leopards mwaka 1982, 1983 na 1984, na Gor Mahia tena mwaka 1985. Katika miaka mitatu kati ya hiyo wakutanao katika fainali walikuwa wao wenyewe. Mwaka 1980 huko Malawi, Gor Mahia walishinda 3 kwa 2. Mwaka 1984 Leopards walilipa kisasi kwa 2 kwa 1. Na mwaka 1985 Gor Mahia wakashinda 2 kwa 0 katika Sudan. Watu wa nchi za kigeni walilipa viingilio vyao ili kutazama mashemeji wawili wa Nairobi wakimaliza shauri lao ugenini.

Mwaka 1987 Gor Mahia ilikwenda mbali zaidi. Katika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, lililopewa jina la Nelson Mandela, ilitoka sare ya 2 kwa 2 na Espérance huko Tunis, kisha ikatoka sare ya 1 kwa 1 katika uwanja mpya wa Kasarani, ikapata kombe kwa sababu ya mabao ya ugenini. Nahodha alikuwa Austin Oduor, na mfungaji wake mkuu Peter Dawo. Hakuna timu nyingine ya Kenya iliyopata kutwaa kombe la bara zima. Wengi wanakumbuka kwamba siku ile hata mashabiki wa Leopards walishangilia, jambo ambalo baadhi yao hulikana hadi leo.

Baada ya hapo nguvu zilipungua pande zote mbili, na pia hapa walikwenda pamoja. Gor Mahia ilipata ubingwa mwaka 1995, kisha ikangoja miaka 18. Leopards walikuwa mabingwa mwaka 1998. Baadaye walishuka daraja, na hawakurudi katika ligi kuu hadi mwaka 2009. Sababu zake si za ajabu. Vilabu hivi ni mali ya wanachama, na uchaguzi wa viongozi mara nyingi uliwagawanya watu kuliko mchezo wenyewe. Tena fedha za mlangoni hazikutosha, na wakati mwingine hazikufika zilikokusudiwa. Kwa muda huo timu za makampuni na za idara za Serikali, zenye mishahara ya hakika, zilichukua makombe mbele ya viti vitupu.

Watu waliporudi viwanjani, walirudi kwa wingi kupita maandalizi. Tarehe 23 Oktoba, 2010, timu hizi zilikutana katika uwanja wa Nyayo. Umati ulisukumana langoni, walio nyuma wakisonga bila kujua yaliyowapata walio mbele, na watu 7 wakafa. Hawakufa kwa ugomvi wa Wajaluo na Waluhya, wala kwa sababu ya bao lililokataliwa. Walikufa kwa sababu lango lilikuwa jembamba kwa umati ule, na kwa sababu hapakuwa na njia ya kuwazuia waliochelewa wasiwakanyage waliotangulia. Mwezi wa Machi 2012, katika uwanja uo huo, fujo iliyofuata kadi nyekundu ilisimamisha mchezo, na viti vikang'olewa na kutupwa. Siku ile utani ulikuwa umekwisha kuvuka mpaka wake, na Gor Mahia waliadhibiwa kwa ajili ya mashabiki wao.

Mwaka 2013 Gor Mahia iliurudisha ubingwa, na mwaka 2015 ikarudia ile kazi ya 1976, yaani kumaliza ligi bila kushindwa. Hadi mwisho wa msimu wa 2023-24 ilikuwa imetwaa ubingwa mara 21. Upande wa pili, hadi msimu wa 2024-25 ulipokwisha, Leopards hawakuwa wamepata ubingwa tangu ule wa 1998. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa mtu mzima, pengine ameoa, pengine ameoa nyumba ya wapinzani, naye hajapata kuiona timu yake ikivishwa taji la ligi.

Kwa hiyo mchezo ujao hauna uzito ule ule kwa pande zote mbili. Kwa Gor Mahia, pointi tatu ni pointi tatu, na kushindwa na shemeji ni aibu ya wiki moja. Kwa Leopards, kumfunga K'Ogalo kumekuwa kwa miaka mingi ndiyo akiba ya msimu mzima, kitu ambacho mtu aweza kukichukua hadi nyumbani kwa wakwe zake na kukiweka mezani kabla ya chakula kuletwa. Wanaokusudia kwenda uwanjani wanunue tiketi mapema, na waingie mapema. Watakaobaki nyumbani watakuwa na redio, kama baba zao.