Biskuti za Sembe

Msikilizaji, ukioka biskuti kwa sembe tupu zitabomoka mkononi, kwa sababu mahindi hayana gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano ushikamane. Changanya nusu kwa nusu na ngano. Kisha, tafadhali, usiharakishe: funika donge kwa nusu saa chembe za sembe zinywe unyevu, la sivyo biskuti zitakwaruza meno kama mchanga. Huna siagi? Badala ya kikombe kimoja, tia robo tatu ya kikombe cha mafuta ya kupikia. Badala ya yai moja, tia robo kikombe cha ndizi mbivu iliyopondwa. Mimi naipenda zaidi ndizi hiyo, maana sukari utaipunguza. Ila unga wenye ukungu usiuoke kabisa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa moto wa jiko. Utupe, na kuku usiwape.