Nani Aliyahesabu Magunia?

Haya ni mazungumzo ambayo mwandishi wetu aliyatoa mjini Mbeya, mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, juu ya kufuatilia mizigo kwa lebo za redio.



Nimeombwa niseme habari ya chombo kipya, nami naomba ruhusa yenu nianze na boksi la vitabu. Nilipokuwa Chuo Kikuu nilipelekwa mkoani Iringa kufanya mazoezi ya kufundisha. Siku moja likaja gari lenye maboksi ya vitabu vya kiada. Juu ya kila boksi palibandikwa karatasi iliyosema: nakala 40. Hati ya kupokelea mzigo ikatiwa saini, dereva akaondoka, nasi tukaanza kukata kamba. Boksi la tatu lilikuwa na nakala 31. Utepe wake wa gundi ulikuwa wa rangi nyingine, yaani lilikwisha kufunguliwa na kufungwa tena mahali fulani njiani. Tulipouliza, kila ofisi ilitoa karatasi yenye saini, na kila karatasi ilisema 40. Sidhani kwamba wote walikuwa wezi. Kila mmoja alipokea boksi, akasoma kilichoandikwa juu yake, akaandika alichosoma. Kuhesabu hakukufanyika mahali popote, ila labda mwanzoni kabisa, kiwandani.

Nimekumbuka boksi lile kwa sababu siku hizi tunaambiwa kwamba mambo ya namna hiyo yatakwisha kwa lebo za redio. Hebu tukitazame chombo chenyewe kwanza.

Lebo ya redio ni kitu chembamba, mara nyingi si kikubwa kuliko stempu mbili tatu za barua zilizopangwa pamoja. Ndani yake mna chipu ndogo kama punje ya ulezi, na utepe wa metali uliokunjwakunjwa, ambao ndio antena. Aina inayotumika zaidi katika mizigo haina betri. Hukaa kimya mpaka kisomaji kirushe mawimbi. Mawimbi hayo ndiyo yanayoipa nguvu ya kujibu kwa kutaja namba yake. Haihitaji kuonwa kwa macho, kama ule msimbo wa mistari ulioko kwenye pakiti ya majani ya chai. Kisomaji kilichofungwa mlangoni mwa ghala kinaweza kusoma mamia ya lebo kwa sekunde moja, kwa umbali wa mita kadhaa, hata zikiwa zimefichwa ndani ya karatasi. Wala wazo hili si la juzi: Harry Stockman aliandika juu ya mawasiliano ya aina hiyo mwaka 1948. Mwaka 2003 kampuni ya Marekani ya Walmart iliwaagiza wauzaji wake wakubwa 100 waweke lebo za redio kwenye maboksi na paleti zao, na waanze kufanya hivyo ifikapo Januari 2005.

Angalieni vizuri agizo lile. Halikusema lebo iwekwe kwenye kila mche wa sabuni. Lilisema maboksi na paleti, yaani mafungu. Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Fungu hupewa namba yake. Katika utaratibu wa kimataifa namba hiyo ina tarakimu 18. Kisha katika kompyuta huandikwa kwamba fungu lenye namba hii lina maboksi haya, na boksi hili lina vitu hivi. Tunaweza kusema kwamba kuna lebo mama na lebo za watoto. Mlangoni mwa ghala kisomaji kikimsikia mama, kompyuta huandika kwamba watoto wote wamepita.

Lakini je, wamepita? Mawimbi yanayotumika kwa kazi hii hunyonywa na maji na kurudishwa na chuma. Panga magunia 60 yenye unyevu, na lebo ya yale ya katikati huenda isisikike. Kisomaji kikisikia 57, mtu aliyesimama pale ana njia mbili: kulivunja fungu na kuhesabu, au kumwamini mama na kuandika 60. Lori linangoja, jua linachwea, wapakiaji wanadai ujira wao. Nanyi mnajua ataandika nini. Kuhusu magunia 57 chombo kimeshuhudia kwa masikio yake. Kuhusu yale matatu kinasimulia tu alichoambiwa asubuhi na karani. Katika karatasi inayochapishwa baadaye, ushahidi na masimulizi huonekana sawasawa.

Walimu hamhitaji kufundishwa jambo hili. Bahasha ya mitihani nayo ni fungu lenye alama juu yake. Hata hivyo hamridhiki na alama ile. Lakiri hutazamwa kama iko salama, bahasha hufunguliwa mbele ya macho ya watahiniwa, karatasi huhesabiwa, na zilizobaki huandikwa. Utaratibu huo hauna redio hata kidogo, na ni bora kuliko maghala mengi yenye redio.

Sasa tuje kwetu. Hapa mkoani, wilayani Kyela, hulimwa kakao. Mkulima huvundika mbegu zake siku tano au sita, huzianika, kisha huzipeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika. Hapo hupimwa, hupewa stakabadhi, na kakao yake huchanganywa na ya wenzake. Huingia ghalani, na hatimaye huuzwa mnadani kama fungu moja. Mnunuzi hamwoni mkulima, anaona tani. Kwa bei, utaratibu huu umemsaidia mkulima, maana tani zinazouzwa pamoja zina sauti kuliko debe la mtu mmoja anayebembeleza barabarani. Mimi si mmoja wa wanaotaka turudi kwenye debe.

Lakini mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayohusu mazao saba: kakao, kahawa, mbao, ng'ombe, soya, mpira na mawese. Inataka kila shehena itaje mashamba yalikotoka mazao hayo, kwa vipimo vya ramani, na yasiwe mashamba yaliyopatikana kwa kufyeka msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, na wengine wamechukua hilo kuwa ruhusa ya kulala. Ugumu wa kanuni hiyo uko kwenye fungu. Kama gunia moja katika shehena halijulikani lilikotoka, na haliwezi kutengwa, shehena nzima haina njia. Methali yetu ya samaki mmoja akioza imekuwa sheria ya biashara.

Nilikaa siku mbili katika ghala moja la kakao, ambalo sitalitaja. Karani wake alikuwa kijana mwangalifu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Siku ya pili likaja lori lililokuwa na nafasi, na mafungu mawili ya vyama viwili yakaunganishwa ili nafasi ile isipotee. Katika kitabu iliandikwa jumla ya kilo. Majina ya wakulima wa fungu la kwanza na la pili yalibaki kwenye vitabu vyao vya zamani, na tangu saa ile hapakuwa na mtu duniani ambaye angeweza kusema gunia lipi ni la nani. Hakuna aliyevunja sheria; walitaka kuokoa nauli. Ongeza na kakao mbichi inayonunuliwa kwa siri, ile iitwayo njuti, ambayo huanikwa na mnunuzi na kuingia chamani kwa jina la mtu mwingine. Tukibandika lebo ya redio juu ya fungu la namna hiyo, tutakuwa tumeupa ujinga wetu namba ya tarakimu 18.

Mahindi yamekwisha kutufunza somo hili. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na shehena iwe na cheti kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 katika bilioni. Siwalaumu waliojihadhari, kwani sumukuvu huua. Mwaka 2016 katika mikoa ya kati, Dodoma na Manyara, iliua takriban watu 20. Lakini mfikirieni mkulima wa Kilolo aliyeanika mahindi yake juu ya turubai, akayapukuchua yakiwa makavu, akayapanga juu ya chaga. Siku ile ya Machi aliwekwa kapu moja na yule aliyerundika mahindi mabichi sakafuni. Hakuwa na njia ya kusema: langu ni hili. Nchi mbili nzima zilifungiwa kama gunia moja.

Na gunia lenyewe ni kipimo gani? Sheria ya vipimo imeweka ukomo wa kilo 100, nasi tunaijua lumbesa. Gunia la viazi linalotoka Rungwe likiwa limeongezewa kichwa cha wavu na kamba huandikwa gunia moja, na mkulima hulipwa gunia moja. Kisomaji cha redio kitalisoma hivyo hivyo: moja. Chombo hakina bega la kuhisi uzito. Kwa hiyo mahali penye lumbesa mizani itangulie, redio ifuate.

Tumekwisha kuijaribu redio kwa wanyama. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, Namba 12, ilitungwa mwaka 2010. Hereni za kielektroniki zilipoanza kuvishwa, mfugaji alitakiwa alipe shilingi 1,750 kwa ng'ombe na 1,000 kwa mbuzi au kondoo. Malalamiko yakawa mengi, na mwishoni mwa mwaka 2022 zoezi likasitishwa. Mwaka 2025 lilianza upya pamoja na kampeni ya chanjo iliyozinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu, na safari hii hereni ilitolewa bure. Kilichobadilika si chipu. Mara ya kwanza mfugaji aliona anatozwa fedha ili ahesabiwe; mara ya pili ng'ombe aliondoka na chanjo. Watumishi wenzangu, msiwaite watu wajinga kwa kukataa kitu ambacho faida yake ilikuwa inaonekana ofisini peke yake.

Kuhusu barabara kuu iendayo Tunduma, inayopita Iringa na Mbeya, nitasema kidogo tu. Malori ya mizigo ya nchi jirani hufungwa lakiri za kielektroniki zinazoiambia Mamlaka ya Mapato lori liko wapi na kama mlango umefunguliwa. Ni kazi nzuri. Lakini lakiri hulinda mlango. Haijui kilichopakiwa kabla mlango haujafungwa.

Basi tufanye nini? Kwa maoni yangu tusianze na kubandika lebo ya redio kwenye kila gunia. Lebo moja inaponunuliwa kwa wingi ni senti chache za dola, lakini visomaji, umeme, na fundi wa kuvitengeneza vinapokufa si senti chache. Gunia la mkulima liandikwe namba ya kawaida, hata kwa wino, inayomtaja mkulima na shamba lake. Redio iwekwe pale inapofaa, kwenye paleti na kwenye lango la ghala kubwa. Na kati ya hayo mawili kiwepo kitabu, au kompyuta kama ipo, chenye jambo ambalo leo halimo katika vitabu vingi nilivyoviona: safu ya kuandika kila mara fungu linapofunguliwa, linapogawanywa au linapounganishwa na jingine. Tarehe, uzito kabla, uzito baada, namba za wakulima waliohamishwa, na saini za watu wawili ambao mmoja wao si mtu wa ghala. Mkulima naye apewe nakala, kwa karatasi au kwa ujumbe wa simu, ajue kakao yake imo katika fungu gani na fungu hilo limeuzwa kwa bei gani. Habari za jasho lake zisisafiri mpaka Ulaya kabla hazijafika nyumbani kwake.

Mtaniuliza: walimu wanahusikaje? Makatibu wa vyama vya msingi aghalabu ni vijana mliowafundisha, na msimu ukikaribia wengine huwajia jioni wakiwa na vitabu kwapani, wakitaka msaada wa hesabu. Atakapokuja mmoja wao, msiishie kwenye kujumlisha. Mwombeni awafungulie ukurasa wa siku ambayo mafungu mawili yaliunganishwa, mkatafute majina. Kama mtakuta jumla ya kilo peke yake, basi kazi yenu naye ianzie kwenye ukurasa huo, kabla mtu yeyote hajanunua kisomaji.